Kabla ya Kuchomeka Betri: Kuchagua Uwanja, Siku na Saa ya Kurusha Ndege ya Rimoti Dar es Salaam

Julai mwaka juzi, saa 10 alasiri, nilirusha ndege yangu Kigamboni, kwenye uwazi ulio nyuma ya safu ya minazi upande wa bahari kuu. Ni ndege ya kujifunzia, bawa lake liko juu ya kiwiliwili, mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, uzito kilo 1.25, imetengenezwa kwa povu gumu kama lile linalofungiwa televisheni mpya. Betri ilikuwa imejaa. Rimoti ilikuwa nzima. Nilipoigeuza irudi kwangu, haikurudi. Pua ilinielekea, mota ilivuma kwa nguvu zote, na ndege ikaning'inia palepale kama tiara iliyofungwa kamba. Nikaishusha nitafute upepo mdogo huko chini, ikaingia kwenye hewa iliyovurugwa na minazi, ikapinduka mara mbili, ikaanguka kwenye njia ya miguu ambayo nusu saa kabla watoto wa shule walikuwa wakipita.

Hakukuwa na mtu. Nilipoichunguza nyumbani sikukuta hitilafu hata moja iliyokuwapo kabla ya kuanguka. Kilichokosewa ni saa ya kurusha na mahali pa kusimama, na vyote viwili nilivichagua mwenyewe nikiwa bado ardhini, natabasamu, nafungua mkoba.

Watu wengi wakiona povu wanadhani ni mchezo wa watoto. Piga hesabu: ndege ya kilo 1.5 ikienda kilomita 60 kwa saa ina nguvu ya kugonga sawa na kitu cha kilo 1.5 kilichoangushwa kutoka urefu wa mita 14, yaani juu ya paa la ghorofa nne hivi. Mbele yake kuna propela inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ndiyo maana nafuata hatua zifuatazo kila mara, kwa mpangilio huu, na hatua moja ikikataa narudi nyumbani bila kuchomeka betri.

Hatua ya 1: Uwanja, na ruhusa ya uwanja

Anza na anga kabla ya ardhi. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko ndani kabisa ya mji, Kipawa, na njia yake kuu ya kurukia imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Ukiivuta njia hiyo kwa rula kwenye ramani inapita juu ya Vingunguti, Buguruni na kuelekea Kariakoo kwa upande mmoja, na Kipunguni na Kitunda kwa upande wa pili. Ndege ya abiria inayotua hushuka kwa mteremko wa nyuzi 3 hivi. Maana yake ni kwamba ikiwa bado kilomita 5 kutoka njia ya kutulia iko mita 260 tu juu ya mapaa, na ikibaki kilomita 2 iko kama mita 105. Urefu huo ndege yako ya povu inaufikia chini ya dakika moja. Kwa hiyo maeneo yote yaliyo chini ya mstari huo mimi nimeyafuta kichwani, hata kama kuna kiwanja kizuri cha mpira kilicho wazi.

Msimamizi wa anga ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na chombo chochote kinachoruka bila rubani ndani yake kinawahusu. Wengi wanafikiri ni droni za kamera peke yake. Nenda kawaulize, ofisi zao ziko Banana, Ukonga, eleza ndege yako ina uzito gani na unataka kuirushia wapi, na uwe na jibu lao la maandishi kabla ya kurusha. Usikaribie kambi za jeshi kama Lugalo, Ikulu ya Magogoni, bandari wala matangi ya mafuta. Hapo hata nia njema haitakuokoa, kwa sababu askari anayeona kitu kinaruka hana njia ya kujua kwamba ni cha kujifunzia.

Baada ya anga, ardhi. Kwa ndege ya ukubwa wa yangu nataka uwazi wa mita 150 kwa 100 angalau, usio na nyaya za umeme, barabara wala nyumba upande ninaorushia. Coco Beach inavutia macho lakini ina watu siku zote, na Jumapili huwezi hata kupata pa kuweka mguu. Jangwani ni pana, ila kuna wacheza mpira, na Barabara ya Morogoro inapita katikati yake na mwendokasi yakiwa yamejaa abiria. Ufukweni kwa jumla sipapendi: mchanga unaingia kwenye mota, chumvi inakula waya, na ndege ikienda baharini imekwenda. Pia kaa mbali na dampo. Pale Pugu Kinyamwezi ndege wa angani ni wengi kuliko unavyoweza kuwahesabu.

Wanaoishi Dar wanajua kwamba uwazi umebaki pembezoni: Kigamboni ukielekea Kimbiji, Mabwepande, Bunju, au ukivuka kabisa kwenda upande wa Kisarawe. Uwanja wa shule Jumamosi asubuhi unafaa sana ukizungumza na mwalimu mkuu. Na popote uendapo, pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, umwamkie mwenyekiti, umweleze. Mimi huenda na ndege yenyewe mkononi. Mwenyekiti akishaishika na kuipima uzito anaelewa upesi, na siku nyingine yeye ndiye atakayewaambia vijana wa bodaboda wazunguke upande wa pili.

Hatua ya 2: Msimu na saa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Dar es Salaam ni mji wa pwani na upepo wake una ratiba.

Ratiba ya mwaka waliishika wavuvi na mabaharia kabla yetu. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Mei hadi Septemba, na ndiyo yenye mikono mizito zaidi. Katikati yake kuna vipindi vya tanga mbili, upepo usipokuwa na upande maalumu. Kipindi kimoja kinaangukia kwenye mvua za masika, cha pili kinagusa Oktoba na Novemba kabla vuli haijakolea. Kwangu Oktoba ni mwezi bora wa kumfundisha mtu mpya.

Ratiba ya siku ni muhimu kuliko ya mwaka. Jua likipanda, ardhi inapata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya juu ya ardhi inapanda, na ya baharini inaingia kujaza nafasi. Siku nyingi unaanza kuuhisi upepo huo kuanzia saa 4 asubuhi, unakuwa na nguvu kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, na katika msimu wa kusi unakaa hadi jua linazama. Usiku mambo yanageuka: ardhi inapoa kuliko bahari, na alfajiri kunakuwa na upepo mwepesi unaotoka bara kwenda baharini. Watu wa pwani wanauita umande, jina lilelile la matone yanayolowesha nyasi wakati huohuo.

Kati ya umande kufa na upepo wa bahari kuamka kuna kipindi cha utulivu. Hicho ndicho chako. Kwa uzoefu wangu kinaanza saa 12:30 asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha kuiona ndege vizuri, na kinakwisha saa 3, au saa 3:30 ukiwa na bahati. Inabidi uamke saa 10 usiku kama unatoka Tabata kwenda Kigamboni. Amka. Ndege zote nilizopoteza nilizirusha baada ya saa 5 asubuhi.

Kuna kishawishi cha jioni. Mtu anatoka kazini, anaona saa 11:30 upepo umelegea, anasema nitarusha mara moja tu. Tatizo ni kwamba kwetu hapa karibu na ikweta giza haliji polepole. Kutoka jua kuzama hadi kushindwa kuona vizuri ni dakika 20 hivi, na ndege iliyo mbali inageuka kivuli cheusi muda mrefu kabla ya hapo. Ukishindwa kujua kama inakuja au inakwenda, umeshaipoteza. Jioni nakubali kurusha tanga mbili peke yake, na ndege inakuwa chini kabla jua halijagusa miti.

Kwenye saa 5 hadi saa 9 mchana kuna jambo jingine hata upepo ukiwa mdogo: udongo mtupu na lami vinatoa mapovu ya hewa ya moto yanayopanda juu. Ndege nyepesi ikiingia ndani ya povu hilo bawa moja linainuliwa ghafla. Mzoefu anafurahia, mwanafunzi anashtuka na kuvuta fimbo ya rimoti upande usiofaa.

Hatua ya 3: Taarifa za usiku uliotangulia

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hasa wakitaja upepo mkali na mawimbi makubwa ukanda wa pwani. Wakitoa tahadhari ya namna hiyo, kalale. Hata kama kwako Kimara miti imetulia, Kigamboni haitakuwa imetulia.

Kisha tafuta mtandaoni taarifa ya hewa ya uwanja wa ndege. Alama ya uwanja wetu ni HTDA. Utaona mstari wa tarakimu kama huu: HTDA 250400Z 21004KT. Tarakimu mbili za kwanza ni tarehe, 25. Zinazofuata, 0400Z, ni saa ya dunia nzima, ambayo sisi tumeitangulia kwa saa 3. Kwa msemaji wa Kiswahili hesabu ni nyepesi ajabu: toa tatu tu, unapata saa yetu. 0400 ni saa 1 asubuhi. 1200 ni saa 9 alasiri. Kisha 21004KT: upepo unatoka nyuzi 210, yaani kusini-magharibi, kwa noti 4. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo hapo ni kama kilomita 7. Huo ni umande, na ni hewa nzuri.

Ukiona 13014KT ujue ni kusini-mashariki kwa noti 14, karibu kilomita 26 kwa saa, na ndege ya kujifunzia haina kazi hapo. Herufi G katikati ya tarakimu inatangaza kwamba upepo unapiga kwa mishtuko, na tarakimu zinazofuata ni kilele cha mshtuko. VRB maana yake upepo hauna upande maalumu. Linganisha siku tatu au nne mfululizo, saa zilezile, na utaanza kuona mpangilio. Kumbuka tu kwamba kipimo hicho kiko Kipawa, kilomita kadhaa ndani ya nchi kavu, na ufukweni mara nyingi upepo unakuwa mkali zaidi.

Hatua ya 4: Kuusoma upepo ukiwa umesimama uwanjani

Fika, zima injini, usifungue mkoba. Simama dakika tano.

Mwaka 1805 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alipanga vipimo vya upepo kwa kuangalia unachofanya kwenye vitu, na njia hiyo inafaa hadi leo hata kama huna kifaa. Upepo wa kilomita 6 hadi 11 kwa saa unausikia usoni na majani yanachakarika. Wa kilomita 12 hadi 19 majani na vijiti vidogo havitulii kabisa, na bendera nyepesi inanyooka. Wa kilomita 20 hadi 28 unanyanyua vumbi na makaratasi.

Huku kwetu tuna vipimo vyetu. Tazama kanga zilizoanikwa kwenye kamba: zikipepea pindo tu ni sawa, zikilala kama paa la banda usitoe ndege. Tazama bendera ya ofisi ya serikali ya mtaa. Tazama moshi wa mtu anayechoma majani: ukipanda wima kisha ukalala ghafla kwa juu, chini kumetulia lakini juu kuna upepo. Watoto wakiwa wanarusha tiara kwa raha na kuziachia kamba ndefu, hewa hiyo ni yao. Usiyaamini sana makuti ya mnazi kwa masikio. Yanapiga kelele hata kwa upepo mdogo. Yatazame, usiyasikilize.

Nikiwa na kipima upepo cha mkononi nakiinua juu ya kichwa kwa dakika mbili na kuandika namba kubwa kuliko zote, siyo ya wastani. Mipaka yangu ni hii. Mtu anayejifunza, safari zake kumi za kwanza: chini ya kilomita 10 kwa saa. Mimi na ndege ya kilo 1.25: mwisho kilomita 18. Na tofauti kati ya upepo wa kawaida na mshtuko ikizidi kilomita 10, sirushi hata kama wastani ni mdogo, kwa sababu mshtuko ukikatika ghafla ndege ikiwa inatua, bawa linaacha kuibeba na inadondoka kama jiwe. Ujue pia kwamba kipimo cha kichwani ni kidogo kuliko cha mita 50 juu, ambako miti na nyumba haziuzuii upepo.

Kwa nini niwe mkali hivyo? Chukua ndege inayoruka kilomita 45 kwa saa na upepo wa kilomita 25. Ikienda na upepo kwa sekunde 20 inapita juu ya ardhi kwa kilomita 70 kwa saa na kufika karibu mita 390. Sasa igeuze. Inarudi kwa kilomita 20 kwa saa, na umbali uleule unahitaji sekunde 70. Betri inaliwa, macho yanachoka, na kila unapoigeuza kujirekebisha inasukumwa mbali zaidi. Ndiyo sababu safari ya kwanza ya siku naanza kwa kuielekeza upande upepo unakotoka. Ikinishinda, upepo utaniletea.

Halafu kuna hewa iliyovurugika. Upepo ukipita juu ya miti, ukuta au jengo, upande wa pili unazunguka na kuporomoka kama maji nyuma ya nguzo ya daraja. Vurugu hiyo inaweza kufika mara kumi ya urefu wa kizuizi. Minazi ya mita 15 inakuharibia mita 150. Rudi kwenye ajali yangu: bahari upande mmoja, safu ya minazi katikati, na mimi na uwanja wangu wote tuko nyuma yake. Mvuvi mmoja mzee alikuwa anashona nyavu pembeni. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nataka kurusha sasa. Nikamwambia naona umetulia, mzee. Akasema, "Mwanangu, kusi haijalala. Hapo inavuta pumzi tu." Nilicheka kwa heshima nikaendelea. Siku hizi nikimkuta namuuliza yeye kabla sijatoa kipimo.

Funga utepe mwepesi wa kitambaa, urefu wa mita moja, kwenye ncha ya mwanzi na uuchomeke mahali unapouona wakati wote bila kugeuza kichwa. Utakuonyesha pa kuruka na pa kutua, na vyote viwili ni kuelekea upepo unakotoka.

Hatua ya 5: Jua liko wapi

Asubuhi jua liko chini upande wa mashariki, na ndege ikipita mbele yake unapofuka kwa sekunde mbili au tatu. Simama jua likiwa mgongoni na ujiwekee sheria ya kutovuka mstari wa mabega yako. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linabadilisha upande: kuanzia Machi hadi kati ya Oktoba linapita kaskazini mwetu, miezi iliyobaki linapita kusini. Uwanja uliokufaa Juni unaweza kukukataa Januari. Vaa miwani ya jua na kofia yenye ukingo.

Hatua ya 6: Mawingu na radi

Mvua yenyewe inaharibu vifaa vya umeme, lakini kinachonitisha ni kile kinachoitangulia. Wakati wa masika na vuli, wingu refu jeusi likiwa bado mbali unaweza kupigwa na upepo wa baridi wa ghafla kutoka kwake. Ukihisi ubaridi huo kwenye mikono una kama dakika moja ya kutua. Tua palepale, usimalizie mzunguko.

Sauti ya radi husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi. Ila sihesabu tena. Nikisikia tu mngurumo, ndege inashuka, antena inalazwa, na tunaingia ndani ya gari au jengo. Narudi uwanjani dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho. Kusimama peke yako katikati ya uwazi umeshika rimoti ni mahali pabaya kuliko pote.

Hatua ya 7: Watu, mifugo, kunguru na mwewe

Ndege ya rimoti inaita watoto kama muziki. Dakika kumi baada ya safari ya kwanza utakuwa na kundi linalosema "Anko, na mimi nijaribu." Usiwafukuze, watarudi kwa upande usiouona. Wapange nyuma yako, mita 30 kutoka mahali pa kurukia, na mmoja aliye mkubwa mpe kazi ya kuhakikisha hakuna anayevuka mstari. Ahadi ya kuwaruhusu waishike ndege mwishoni, betri ikiwa imetolewa, inafanya kazi kuliko kelele. Akikimbia hata mmoja kuelekea uwanjani, panda juu na uzunguke. Usijaribu kuwahi kutua mbele yake.

Njoo na mwenzako wa kuangalia pande ambazo wewe huwezi, maana macho yako yote yako angani. Kazi yake ni kusema kwa sauti: "bodaboda kushoto", "mbuzi wanaingia", "helikopta". Ikisikika helikopta au ndege ndogo, shuka kwanza, tazama baadaye.

Kunguru wa Kihindi wa mji huu ni wakorofi na wanakuja kwa makundi. Mara nyingi wanapiga kelele tu na kuifuata ndege kwa nyuma. Mwewe ni suala zito zaidi, kwani anaweza kuipiga kwa kucha akidhani amevamiwa. Akianza kuzunguka juu yako, tua na umpe nusu saa.

Hatua ya 8: Betri, joto na mawimbi ya rimoti

Betri hizi za lithiamu hazipendi gari lililoegeshwa juani. Mimi nazibeba kwenye deli kuukuu la aiskrimu, bila barafu, na deli linakaa kivulini. Kila seli ikiwa imejaa inasoma volti 4.2. Betri iliyovimba hata kidogo hairuki tena, hakuna mjadala. Weka saa ya kengele: kama hewa tulivu inakupa dakika 8, siku yenye upepo weka 5, ili utue ukiwa na akiba ya karibu theluthi moja. Akiba hiyo ndiyo inayokuruhusu kuzunguka tena mtoto akivuka.

Joto linapunguza pia nguvu ya bawa. Hewa ya nyuzi 32 hapa pwani ni nyepesi kama hewa ya kawaida ya mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana ndege inahitaji mbio ndefu kidogo kabla ya kunyanyuka.

Kabla ya safari ya kwanza weka rimoti kwenye hali ya nguvu ndogo, tembea hatua 30, na mwenzako aangalie kama mkia na vibawa vya pembeni vinaitikia bila kusita. Kisha zima rimoti ndege ikiwa imeshikwa vizuri: mota lazima isimame yenyewe. Ikiendelea kuzunguka, pakia vitu vyako uirekebishe nyumbani. Angani usiielekeze ncha ya antena kwenye ndege, kwa sababu huko ndiko mawimbi yanakotoka kwa udhaifu.

Hatua ya 9: Wewe mwenyewe, na daftari

Ukiwa hujalala, una homa, au umetoka kugombana na mtu kwenye simu, usirushe. Mikono itatangulia akili.

Ukishatua safari ya mwisho, kabla hujafunga mkoba, andika mistari miwili: tarehe, saa, upepo ulikotoka, namba kubwa ya kipimo, na kilichotokea. Huu hapa ni ukurasa mmoja wa kwangu, wa Kigamboni, wiki moja ya Agosti:

Jumanne, saa 12:40 asubuhi. Kusini-magharibi, kilomita 6. Safari tatu, hewa laini.

Alhamisi, saa 1:10 asubuhi. Kusini, kilomita 11. Safari mbili. Saa 2:45 minazi imeanza kuamka, nimetua.

Jumamosi, saa 12:50 asubuhi. Kusini-mashariki, kilomita 21, inapiga kwa mishtuko. Sikuchomeka betri. Tumekunywa chai na mzee wa nyavu, nikarudi.